Punda akichechemea, gusa kwato kwanza

Hii nimeipata kwa fundi wa kwato huku Lamu: kabla hujasingizia goti, gusa kwato zote nne kwa mgongo wa kiganja. Usaha ukijaa ndani ya ukwato hauna pa kutokea, kwa hiyo ukwato huo huwa wa moto kuliko wenzake, na ukibonyeza taratibu nyuma ya kifundo, pembeni, utasikia mshipa ukidunda kwa nguvu. Mwite fundi au daktari wa mifugo. Usichimbe mwenyewe kwa kisu, tafadhali. Pima asubuhi, punda akiwa bado kivulini. Akishabeba mchanga juani, zote zina moto na hutajua lolote. Zikiwaka mbili za mbele pamoja naye anaegemea nyuma, huenda ni uvimbe wa ndani ya kwato, na huo haungoji kesho.