SOMO: Kupanga muda dukani, anza na saa zisizo zako

Naandika hapa mara moja ili nisiendelee kuandika lile lile kwenye simu ya kila mtu. Swali ni moja: unawezaje kuuza, kuleta mzigo kutoka Kampala, kulipa kodi kwa wakati, na saa kumi na mbili jioni uko nyumbani? Nina duka la spea za pikipiki hapa Arua, Uganda, mwaka wa kumi na moja sasa, na vijana wawili wananisaidia. Ninayoyasema yote nimeyapata humo dukani.

Hatua ya 1. Nunua daftari na kalamu. Daftari hili lisiwe la mauzo.

Hatua ya 2. Kwa siku tatu, andika kila jambo linalokunyanyua kwenye kiti. Weka saa, kisha neno moja au mawili. Usianze kujirekebisha, andika tu.

Siku yangu ya kwanza ilitoka mistari 31, na 19 kati yake iliandikwa "bei". Kijana ana mteja mbele yake, ananiita: mnyororo wa 428 bei gani, plagi bei gani, breki shuu bei gani. Mimi niko stoo nahesabu tairi. Nikirudi nimesahau nilipofika, naanza moja. Jioni ile nilikata maboksi vipande vipande, nikaandika kwa maka peni bei ya kuanzia na kuning'iniza kila rafu. Bei ya mwisho, ile ambayo hatushuki chini yake, niliiweka kwenye kidaftari kinachokaa kwenye droo ya kijana. Wiki iliyofuata niliitwa kwa ajili ya bei mara tatu tu kwa siku. Sikuajiri mtu wala sikuanza kuamka alfajiri.

Hatua ya 3. Chukua kalenda, uweke kwanza saa zisizo zako. Wengi huanza na wanayotaka kufanya wao, kisha wanashangaa siku imevurugika. Basi la mzigo halikungoji. Benki ina saa zake, mpaka una saa zake. VAT (kodi ya ongezeko la thamani), PAYE (kodi ya mishahara) na NSSF (mchango wa hifadhi ya jamii wa wafanyakazi) mwisho wake ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mimi nimeandika tarehe 10 kwa wino mwekundu, maana nikigundua risiti imepotea bado nina siku tano za kuitafuta. Ijumaa mchana vijana wangu wote wawili wanakwenda msikitini, kwa hiyo mzigo haupokelewi saa hizo, na kila anayeniletea bidhaa anajua. Ukishajaza hizo, utaona zilizobaki ni chache kuliko ulivyodhani. Hizo ndizo za kupanga.

Hatua ya 4. Kazi ya kichwa (oda, mahesabu, madeni) ifanye asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia.

Hatua ya 5. Ukipanga miadi, taja ni saa ya nchi gani. Hapa someni polepole, ndugu zangu, maana ndipo nilipoumia. Kongo ya mashariki iko nyuma yetu kwa saa moja. Sudan Kusini nao walirudisha saa yao nyuma tarehe 1 Februari 2021, kwa hiyo tangu siku hiyo saa ya Juba na ya Arua si ile ile tena, nao wako nyuma yetu. Hilo nilikuwa nalijua kichwani, ila sikuwa nalitumia. Mteja wa jumla kutoka Aru, upande wa Kongo, ng'ambo ya mpaka wa Vurra, aliniambia atafika saa tisa alasiri. Nilimngoja mpaka saa kumi kasorobo, nikaona ameghairi, nikafunga stoo na kwenda stendi kupokea kifurushi, ufunguo mfukoni. Alifika saa kumi na dakika tano. Kwake ilikuwa saa tisa na dakika tano, yaani alikuja kwa wakati wake kabisa. Kijana aliniambia alisimama kama dakika ishirini kando ya pikipiki yake, kamba za mzigo ameshazikunjua, kisha akaenda duka jingine. Hakurudi tena. Tairi 40 nilizomtengea zilikaa stoo miezi mitatu.

Onyo la kwanza: rudia saa kwa pande zote mbili kabla hujakata simu. "Saa tisa kwako, saa kumi kwangu." La pili: akikuandikia "10h" anahesabu kwa Kifaransa, yaani saa nne asubuhi, wala si saa kumi. La tatu: ukiwa karibu na mpaka, simu inayojiwekea saa yenyewe inaweza kushika mtandao wa ng'ambo na saa ikaruka bila wewe kujua. Zima hiyo, weka saa kwa mkono.

Hatua ya 6. Funga hesabu kabla ya kufunga mlango.

Maswali karibuni.

Kijana_Lira: Bosi hii ndefu sana. Nitajie tu programu ya simu nipakue.

Mwandishi: Hatua ya 2. Daftari.

Kijana_Lira: Daftari mambo ya zamani hayo.

Mwandishi: Andika kwenye simu ukitaka, mradi uandike siku tatu. Ukimaliza njoo na mistari yako tuisome pamoja.

Cherehani_Koboko: Shikamoo kaka. Mimi nashona. Nimeanza hatua ya 2 juzi: jana mistari 22, kati yake 14 ni wateja wanaokuja kuuliza kama nguo iko tayari, na bado. Siwezi kuwafukuza. Nifanyeje?

Mwandishi: Marahaba dada, umefanya kazi nzuri. Wanakuja kuuliza kwa sababu tarehe uliyowapa hawaiamini. Hesabu wiki hii unamaliza nguo ngapi kwa siku. Kama ni tatu, basi ahidi tatu, hata mteja akikusihi vipi. Mwandikie tarehe kwenye kikaratasi aondoke nacho, nawe ubaki na nakala. Kisha chagua siku mbili za kuchukua nguo, tuseme Jumanne na Ijumaa jioni, uzibandike mlangoni. Siku nyingine cherehani iendelee. Na kabla ya Idi na Krismasi tangaza mapema siku ya mwisho ya kupokea vitambaa. Nipe habari baada ya wiki mbili, nataka kweli kujua.

Malaba_Spidi: Hatua ya 5 umejaza maneno bure. Kenya na sisi saa ni ile ile.

Mwandishi: Kenya na Tanzania ndiyo, ni ile ile. Lakini lori linalopita hapo kwako likielekea Kigali, Goma au Juba, linakwenda kwenye saa nyingine. Nimeandika mengi kwa sababu hapo ndipo nilipopoteza mteja.

MamaDuka_Mpondwe: Ni kweli tupu. Mimi nina saa mbili za ukutani, moja nimeiandikia chini yake Kasindi, yaani ng'ambo yetu upande wa Kongo, na msichana wangu anasoma zote mbili kwa sauti anapoongea na mteja. Swali la pembeni: nina mfanyakazi mmoja tu, NSSF inanihusu?

Mwandishi: Hiyo ya saa mbili naichukua, asante mama. NSSF inakuhusu. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anachangia: 10% wewe, 5% kutoka mshahara wake. Iweke kwenye kalenda pamoja na zile za tarehe 15.

Spea_Gulu: Kwenda Kisekka, soko la spea la Kampala, kunanimalizia siku tatu kila mwezi. Wewe unakwendaje?

Mwandishi: Siendi kila mwezi. Naenda kukiwa na bidhaa mpya ninayotaka kuishika kwa mkono. Ninayoyajua naagiza kwa simu, yanakuja na basi. Mwambie anayekutumia aandike namba zako za simu pande mbili za boksi, kwa maka peni juu ya boksi lenyewe, maana karatasi ya kubandika hubanduka njiani. Akupigie picha ya boksi, ya risiti na ya namba ya basi.

Spea_Gulu: Na nikikuta boksi limeguswa?

Mwandishi: Lifungue hapo hapo mbele ya karani na uhesabu, kabla hujasaini.