Kupima supakondakta kwa mapigo ya terahezi: rejea ndiyo inayoharibu kazi

Supakondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikiwa baridi sana) ya niobi nitridi ina pengo la nishati, yaani nishati ya chini kabisa ya kuvunja jozi za elektroni zake, lililo karibu na terahezi 1 (mitetemo trilioni moja kwa sekunde), kwa hiyo ni sampuli nzuri ya kuanzia.

Gawa mwanga wa leza ya nanomita 800 yenye mapigo ya femtosekunde 100 (femtosekunde 1,000 ni pikosekunde 1, sehemu ya trilioni ya sekunde). Sehemu kubwa ipige fuwele ya zinki teluridi ya milimita 1 ili kuzalisha terahezi. Iliyobaki ipitie vioo vya kuchelewesha hadi fuwele ya kusomea, inayopima mpigo wa terahezi uliopita kwenye sampuli. Vioo vikisogea milimita 0.15, mwanga huchelewa pikosekunde 1, maana huenda na kurudi.

Funika njia nzima ya terahezi, kisha jaza nitrojeni kavu. Vimawimbi visivyokoma baada ya mpigo ni mvuke wa maji, ambao hunyonya kwenye terahezi 0.557, 0.752 na 1.097. Subiri vitulie.

Sasa kwenye rejea, yaani kipimo cha kulinganishia. Wengi hupima utando mwembamba wa supakondakta juu ya kipande cha magnesi oksidi, halafu kipande kitupu "cha unene uleule". Haulingani. Tofauti ya mikromita 10 tu huchelewesha mpigo takriban femtosekunde 70, yaani nyuzi 25 za awamu (hatua ya wimbi katika mzunguko wake) kwenye terahezi 1, na kosa hilo huvuruga hasa sehemu ya upitishaji umeme inayobeba alama ya supakondakta. Pima unene wa vipande vyote kwa maikrometa, au tumia sampuli yenyewe ikiwa na kelvini 20, juu kidogo ya joto lake la mpito, ambapo usupakondakta hupotea. Njia hii ya pili ni salama zaidi, ila upitishaji wa hali ya kawaida lazima uupime kando.

Kipande cha milimita 0.5 hutoa mwangwi, yaani mpigo ulioakisiwa ndani yake, pikosekunde 10 hivi baada ya mpigo mkuu. Kata data kabla yake na ukubali kutenganisha masafa kwa terahezi 0.1, kwani kujaza sifuri mwishoni mwa data hulainisha mchoro tu.

Ukiongeza mpigo wa kusisimua, yaani mpigo wa leza unaoivuruga sampuli kabla ya kupimwa, doa lake lizidi la terahezi, walau mara mbili kwa upana. Masafa ya chini hutawanyika zaidi, hivyo doa dogo huyafanya yapite pembeni, palipo baridi. Kisha angalia mabadiliko ya ishara kabla mpigo huo haujafika. Yasipokuwa sifuri, sampuli haipati muda wa kupoa kati ya mapigo: punguza nguvu au idadi ya mapigo kwa sekunde.