Somo: Kubadilisha nyuzi za gitaa la besi na kuweka shingo sawa, kwa sisi tunaoishi na hewa ya chumvi

Asalaam aleikum wapenzi wa besi.

Wiki hii pekee nimepigiwa simu na watu watatu, wote wana suala moja: "Besi yangu inakwaruza, nyuzi zimepanda, nifanyeje?" Nimewajibu kila mmoja peke yake, na najua wiki ijayo watakuja wengine. Kwa hiyo leo baada ya alasiri nimekaa nikaandika yote pahala pamoja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Mimi si fundi. Ni karani, kazi yangu iko bandarini Malindi, hapa Unguja, na besi napiga jioni na kwenye harusi za jamaa, huu mwaka wa 11. Ninayoandika nimeyafanya kwa mikono yangu, juu ya gitaa langu la nyuzi nne, nyumbani Kikwajuni, ambako hata sindano ya cherehani ikisahauliwa dirishani inashika kutu.

Lifahamuni hili kwanza, maana ndiyo asili ya matatizo yote. Nyuzi za besi ni chuma kilichozungushiwa waya mwingine mwembamba juu yake. Jasho la vidole na hewa ya bahari huingia kati ya mizunguko ile, uzi unakuwa mzito huku na mwepesi kule, sauti inafifia na tyuni (ulinganifu wa sauti za nyuzi) haitulii. Shingo nayo ni mbao. Masika ikiingia inakunywa unyevu, inajipinda mbele kuelekea nyuzi, na nyuzi zinapanda. Kaskazi ikikausha, inarudi. Kwa hiyo besi iliyokuwa tamu mwezi wa pili si ajabu ikakusumbua mwezi wa nne. Haijaharibika. Inataka kuwekwa sawa.

Vifaa: nyuzi mpya, koleo la kukatia, bisibisi, alenki (funguo za pembe sita za kukazia nati) za saizi sahihi, rula ya milimita, kitambaa cha pamba, na programu ya tyuni kwenye simu.

Hatua ya 1. Chomoa waya wa spika. Kama besi yako inatumia betri ya volti 9, usiuache umechomekwa hata siku nyingine, unamaliza betri bure.

Hatua ya 2. Toa uzi mmoja, weka mmoja, kisha nenda kwenye unaofuata. Nyuzi nne kwa pamoja zinaivuta shingo kwa zaidi ya kilo 60. Ukizilegeza zote kwa mpigo shingo inarudi nyuma, na ukizifunga tena utasubiri itulie upya.

Hatua ya 3. Kila uzi ukitoka, futa ubao wa shingo chini yake kwa kitambaa kikavu.

Hatua ya 4. Uzi mpya: pitisha darajani (kile chuma cha mwilini kinachoshika mwisho wa nyuzi), uvute mpaka kwenye funguo yake kichwani, ile ya kuzungusha kukaza uzi, ongeza kama sentimita 12, kisha UKUNJE kwanza kwa pembe kali, ndipo ukate mbele ya kunjo. Ukikata kabla ya kukunja, ule waya wa juu unaweza kufumuka mpaka katikati ya uzi, na umepoteza uzi mzima. Ingiza ncha kwenye tundu la funguo, zungusha mara mbili au tatu, kila mzunguko chini ya mwenzake.

Hatua ya 5. Tyuni: E, A, D, G, kuanzia uzi mnene. Vuta kila uzi kwa vidole juu kidogo, tyuni tena, rudia mpaka uache kushuka.

Hatua ya 6. Shingo. Hapa someni polepole, tafadhali.

Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma inayopambana na mvuto wa nyuzi. Nati yake iko kwenye kichwa cha gitaa, mara nyingi chini ya kifuniko kidogo cha plastiki, au upande wa pili shingo inapokutana na mwili. Kabla ya kuigusa, pima. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya 1 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa shingo, huhesabiwa kuanzia kichwani) kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ubonyeze pale shingo inapoungana na mwili. Sasa uzi wenyewe ni rula iliyonyooka. Tazama freti ya 7 au ya 8: pawe na mwanya mdogo kati ya uzi na chuma cha freti, karibu milimita 0.3. Mimi natumia kadi ya mwaliko wa harusi, ipite kwa kugusa tu. Mwanya ukiwa mkubwa, shingo imejipinda mbele, kaza. Hakuna mwanya kabisa, imerudi nyuma, legeza. Kukaza ni kufuata mwendo wa mishale ya saa, ukiwa unaitazama nati uso kwa uso.

Miaka sita nyuma, katikati ya masika, nilikuwa na harusi mbili wiki moja na nyuzi zimepanda vibaya. Nilikuwa na alenki ya inchi, 3/16, na nati yangu ni ya milimita 5. Ile ya inchi ni milimita 4.76. Iliingia, ikacheza kidogo, nikajiambia inatosha. Kwa haraka nikakaza mzunguko mzima. Pembe za nati zikalika, alenki ikawa inazunguka bure, na shingo tayari imerudi nyuma kupita kiasi: freti tano za mwanzo zote zinakwaruza na nati haishikiki tena. Harusi zote mbili nilikaa na wasikilizaji, nikamsikia mwenzangu wa kinanda akipiga besi kwa mkono wa kushoto. Gitaa nililipeleka Dar kwa boti, fundi akaitoa nati ile kwa taabu na kuweka nyingine. Gharama yake ilikaribia nusu ya bei niliyonunulia gitaa. Mpaka leo nikishika alenki mkono unakuwa mzito.

Basi nawaomba:
– Alenki iwe ya saizi yenyewe. Magitaa mengi ya Asia ni milimita 4 au 5, mengi ya Marekani ni inchi. Iingize mpaka mwisho. Ikicheza hata kidogo, si yake.
– Legeza nyuzi kidogo kabla ya kukaza.
– Robo mzunguko tu. Tyuni, pima, liache gitaa lilale, pima tena asubuhi.
– Nati ikigoma, acha. Usitie nguvu, usitie bomba la kurefusha mkono. Mpelekee fundi.

Hatua ya 7. Kimo cha nyuzi: kwenye freti ya 12, E iwe kama milimita 2.5 juu ya freti, G kama 2. Unapandisha na kushusha kwa skrubu ndogo za viti vya darajani, vile vipande vidogo ambavyo nyuzi zinalalia.

Hatua ya 8. Sasa hakikisha tyuni inakaa sawa shingo nzima. Gusa uzi juu ya chuma cha freti ya 12 bila kuukandamiza, usikie ule mlio wa kengele. Kisha bonyeza freti hiyo hiyo upige. Mlio wa kubonyeza ukiwa juu kuliko wa kengele, sogeza kiti cha uzi nyuma, mbali na shingo. Ukiwa chini, kilete mbele. Legeza uzi kabla ya kusogeza, tyuni kila mara.

Hatua ya 9. Futa nyuzi kila ukimaliza kupiga, juu na chini. Gitaa likae kwenye mfuko, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu msivitupe, viwekeni humo.

MASWALI

Kijana wa Amani: Mkuu besi yangu inakwaruza kwenye freti za mwanzo, tatizo nini?

Jibu: Hatua ya 6. Anza na kupima.

Kijana wa Amani: Nimepitia juu juu, ni refu. Nigeuze kulia au kushoto?

Jibu: Sitakwambia kulia wala kushoto kabla hujapima. Mwanya wa freti ya 7 ni kiasi gani? Rudi na namba.

Ngoma ya Shamba: Mbona mafundi kwenye video wanatoa nyuzi zote mara moja na hakuna kinachovunjika?

Jibu: Sikuandika kwamba kitavunjika. Niliandika shingo itarudi nyuma na utasubiri itulie. Fundi anatoa zote kwa sababu anataka kusafisha ubao mzima, na ataiweka sawa mwenyewe akimaliza. Wewe una harusi Ijumaa.

Mwanafunzi wa Wete: Kaka, shikamoo. Nimeazimwa besi na mjomba, nyuzi zake zimekuwa nyeusi. Huku Pemba sijazipata madukani, na za kuagiza sina pesa kwa sasa. Nimesikia watu wanachemsha. Ni kweli? Na kwa nini inafanya kazi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na ahsante kwa kuuliza kwa nini. Ni kweli. Ule uchafu ulioingia kati ya mizunguko ya waya, jasho na mafuta ya ngozi, maji ya moto yanauyeyusha na kuutoa. Zifunge nyuzi duara, zichemshe kama dakika 10 kwenye maji yenye tone la sabuni, suuza, zifute, kisha zikaushe kabisa mbele ya feni au juani. Zikibaki na unyevu zitapata kutu ndani. Zitarudi kung'aa, lakini si kwa muda mrefu kama mpya, na pale zinapokunjwa kwenye funguo zinachoka, kwa hiyo usirudie mara nyingi. Kama ncha zake zimeviringishiwa nyuzi laini za kitambaa zenye rangi, usichemshe, zilaze usiku mmoja kwenye chupa ya spiriti, mbali na jiko. Na zikishatoka safi, mwambie mjomba azisikie, atakuachia besi muda zaidi.

Mpenzi wa Taarabu: Nataka besi yangu isikike karibu na ile besi kubwa ya kusimama ya taarabu asilia. Inawezekana?

Jibu: Kukaribia, ndiyo. Tumia nyuzi bapa, zile ambazo waya wake wa juu ni mpana na laini kama utepe. Hazina ule mlio mkali na zinadumu mno. James Jamerson, aliyepiga besi nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, alipenda nyuzi za namna hii na alijulikana kwa kutozibadilisha mpaka zikatike. Kisha weka kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja, na piga kwa kidole gumba juu karibu na shingo. Mlio unakuwa mfupi na mnene. Nenda pia kasikilize vikundi vya taarabu vya hapa Unguja, Ikhwan Safaa au Culture, wakifanya mazoezi, uangalie besi inavyonyamaza. Kujifunza pa kutopiga kumenichukua muda mrefu kuliko noti zote.

Mpenzi wa Taarabu: Na maqam (mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu) kama rast, ile sauti ya tatu haipo kwenye freti. Unafanyaje?

Jibu: Suali zuri sana. Ile ya tatu iko katikati ya freti mbili, na ukibonyeza yoyote kati yake unagongana na wapigaji wa kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) na fidla. Mimi naiachia wao. Nakaa kwenye sauti ya kwanza na ya tano, ya tatu naipita. Mwenye besi isiyo na freti anaweza kuipata, ila sikio lake liwe limeshaizoea. Jirani zetu wa kidumbaki, ile ngoma ya harusini ndugu ya taarabu, wamelimaliza tatizo hili zamani: sanduku lao lina kamba moja na mti, hakuna freti, mkono ndio unaotafuta.

Kijana wa Amani: Nimepima. Kadi haipiti kabisa, uzi umelala juu ya freti.

Jibu: Sasa tunazungumza. Shingo imerudi nyuma. Legeza, kinyume cha mishale ya saa, robo tu. Pima asubuhi.

Mvuvi wa Nungwi: Programu ya simu haisomi uzi wa E, inarukaruka.

Jibu: E ni kama hezi 41, maiki ya simu inaisikia kwa shida. Piga ule mlio wa kengele wa freti ya 12, unakuwa mara mbili yake, simu itausoma. Na ukae mbali na feni.

Mzee wa Kisimamajongoo: Mwanangu, sisi ubao tulikuwa tunapaka mafuta ya nazi.

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Nami nilipaka hapo mwanzo, lakini yanakaa yakachacha na kushika vumbi, siku hizi napaka mafuta ya ndimu kidogo mara mbili kwa mwaka, tena kwenye ubao mweusi usio na vanishi tu.

Mzee wa Kisimamajongoo: Sawa. Na mkono? Mwalimu wetu hakumruhusu mtu kushika ala kabla hajanawa na kukausha vidole. Hilo umelisahau.

Jibu: Kweli nimelisahau mzee, na ni la kwanza kabisa. Naliongeza: Hatua ya 0, nawa mikono, kausha.

Mwanafunzi wa Wete: Nimechemsha, nimekausha, nimeweka uzi mmoja mmoja. Kaka, zinalia! Ila G kwenye freti ya 12 iko juu kidogo kuliko mlio wa kengele.

Jibu: Hongera. Hatua ya 8: kiti cha G nyuma, nusu milimita kwa mara moja. Ila ukishapata nyuzi mpya utaipima upya, maana zilizotumika sana hazikai sawa urefu wote. Nikipata mtu wa boti ya Mkoani nitakuwekea seti moja ninayo kabatini, unene wake ni 45 mpaka 105 (kwa elfu ya inchi), haijafunguliwa.