Kuwafunza Waogeleaji wa Moshi na Arusha Kumwokoa Anayezama na Kumrudishia Pumzi

Mwisho wa juma vijana wa Moshi na Arusha hujazana kwenye chemchemi za Kikuletwa wilayani Hai, ambazo wengi tunaziita Chemka, na wengine huogelea katika mabwawa ya hoteli. Kote huko, mtu wa kwanza kumfikia anayezama huwa ni mwogeleaji mwenzake. Katika nchi zenye pwani za mawimbi makubwa, kama Australia, watu wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao hufundishwa uokoaji kwa sababu hiyohiyo: wao tayari wamo majini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na kwa anayezama msaada wa dakika za mwanzo ndio wenye thamani kubwa kuliko wote.

Anayetaka kukiandaa kikundi chake, kiwe cha klabu, cha kanisa au cha waongoza watalii, aanze kwa kumtafuta mkufunzi. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hufundisha huduma ya kwanza, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina watu wenye ujuzi wa kuokoa majini. Maelezo haya yanasaidia kupanga mafunzo, lakini mikono hujifunza mbele ya mtu anayeisahihisha. Tenga siku mbili: ya kwanza iwe kwenye bwawa la hoteli, upande wa kina kifupi, na ya pili iwe palepale ambapo kikundi huogelea. Asiyeogelea vizuri asifukuzwe, kwa maana kurusha kamba, kupiga simu na kubonyeza kifua ni kazi za nchi kavu.

Somo la kwanza liwe kumtambua anayezama, kwa sababu wengi humsubiri apige kelele na kupunga mikono. Mtu ambaye maji yamemshinda hana pumzi ya kuita; husimama wima majini bila kupiga miguu, kichwa kimeinama nyuma, mdomo ukizama na kuibuka, huku mikono yake ikiyasukuma maji chini. Huweza kuzama kabisa kabla ya dakika moja kwisha, na walio karibu naye wakadhani anacheza. Wafundishe wanakikundi kumuuliza mtu wanayemtilia shaka, "Uko salama?", na akikosa kujibu wamhesabu kuwa yuko hatarini.

Kisha wafundishwe kwamba kuingia majini ni hatua ya mwisho. Kwanza mwokoaji alale kifudifudi ukingoni na kumnyooshea mti, kanga au taulo. Asipomfikia, amrushie kitu kinachoelea. Boya rasmi likikosekana, dumu la lita 5 lililofungwa kamba, likatiwa maji kidogo ili lisipeperuke na kufungwa mfuniko barabara, hurushwa mbali na kumbeba mtu mzima. Zoezi hili lipewe muda mrefu: kila mmoja arushe mpaka dumu lipite juu ya bega la mlengwa, kwani linaloangukia mbele yake halimsaidii kitu. Ikibidi kuingia, mwokoaji aende na tyubu ya gari au boya, asimame mbali kidogo na kulisukuma kwa mzamaji, asimpe mwili wake. Akishikwa shingoni, avute pumzi na kuzama kwa makusudi, kwa sababu anayezama anatafuta juu na atamwachia. Tukio la watu wawili kufa maji kwa sababu mmoja alimfuata mwenzake mikono mitupu linaweza kuzuiwa, na mafunzo yasiyolikazia hilo hayajakamilika.

Baada ya kumtoa nje ndipo penye kosa ninaloliona kuwa zito kuliko mengine, nalo ni kumbonyeza tumbo au kumning'iniza kichwa chini ili "atapike maji". Hilo halisafishi mapafu. Hupandisha matapishi kooni na kupoteza muda. Aliyezama moyo wake husimama kwa kukosa hewa, hivyo dawa yake ya kwanza ni hewa. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu na kurudisha kichwa nyuma, kisha angalia kupumua kwa muda usiozidi sekunde 10. Kukoroma na kutweta kwa vipindi virefu si kupumua. Kama hapumui, bana pua yake, funika mdomo wake kwa wako, na upulize pumzi 5, kila moja kwa sekunde moja hivi mpaka kifua kiinuke. Asiposhtuka, bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, halafu pumzi 2, na uendelee hivyo. Kwa mtoto, kina kiwe theluthi ya unene wa kifua chake. Akitapika, mgeuze ubavu, mfute mdomo na uendelee.

Kasi inayotakiwa ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, na hapa kuhesabu kwetu huleta shida: ukifika kumi na saba, kumi na nane, ulimi huchelewa na mikono huchelewa nayo. Wafundishe kuhesabu moja hadi kumi mara tatu. Sanamu ya mafunzo ikikosekana, mto mgumu sakafuni unatosha kwa kasi na mkao wa mikono, ila kifua cha mtu mzima wa afya kisibonyezwe kamwe kwa mazoezi. Wawili wapokezane kila baada ya dakika 2, maana mkono uliochoka hubonyeza juujuu bila mwenyewe kujua.

Siku ya Chemka ihusishe pia kamba ya kurukia majini. Maji yale ni maangavu, na uangavu hudanganya macho kuhusu kina. Aliyetua kwa kichwa huenda ameumia shingo. Mwokoaji ashike kichwa kikae sawa na mgongo wakati wa kumtoa, lakini kama hapumui, pumzi itangulie.

Wapange nani atapiga simu 114 ya zimamoto na uokoaji, au 112 ya dharura, na gari la nani litatumika, kwa kuwa njia ya vumbi kutoka Chemka hadi Boma Ng'ombe huchelewesha msaada. Aliye peke yake apulize na kubonyeza kwa dakika moja kwanza ndipo aende kuita, au aweke simu kwenye spika huku akiendelea. Aliyepata fahamu na bado anakohoa au anahema kwa shida apelekwe hospitali akaangaliwe kwa saa kadhaa, hata akisema amepona, na alazwe kwa ubavu njiani. Ujuzi huu hufifia ndani ya miezi michache, kwa hiyo kikundi kirudie zoezi la dumu na la pumzi angalau kila baada ya miezi mitatu, na kila mgeni anayejiunga apewe zamu ya kwanza.