Tengeneza kiprogramu cha kusahihisha rangi za picha, laini chache tu za Python

Kama unauza nguo mtandaoni unalijua hili, picha umepiga usiku chini ya taa ya njano, shati jeupe linatoka kama limechovywa kwenye chai, mteja anauliza "hiyo ni krimu?" na biashara imeisha hapo. Sasa badala ya kuhariri moja moja, tengeneza kiprogramu chako cha kwenye brauza, unapandisha picha inarudi imenyooka.

Uwe na Python kwenye kompyuta, halafu fungua terminal (dirisha la kuandika amri) andika hii, inaweka Flask ya kutengeneza ukurasa wa wavuti na Pillow ya kuhariri picha:

pip install flask pillow

Kisha faili moja, liite app.py:

```
import io
from flask import Flask, request, send_file
from PIL import Image, ImageOps, ImageStat

app = Flask(__name__)
app.config["MAX_CONTENT_LENGTH"] = 10 * 1024 * 1024

FOMU = """<form method="post" enctype="multipart/form-data">
<input type="file" name="picha"><button>Rekebisha</button></form>"""

def rekebisha(faili):
    p = ImageOps.exif_transpose(Image.open(faili)).convert("RGB")
    rgb = ImageStat.Stat(p).mean
    kati = sum(rgb) / 3
    meza = [min(255, int(i * kati / max(c, 1)))
            for c in rgb for i in range(256)]
    mpya = ImageOps.autocontrast(p.point(meza), cutoff=1)
    return Image.blend(p, mpya, 0.7)

@app.route("/", methods=["GET", "POST"])
def mwanzo():
    if request.method == "POST":
        toleo = io.BytesIO()
        rekebisha(request.files["picha"]).save(toleo, "JPEG", quality=90)
        toleo.seek(0)
        return send_file(toleo, mimetype="image/jpeg")
    return FOMU
```

Ukiwa kwenye folda yenye app.py, iwashe kwa `flask run`, nenda 127.0.0.1:5000 kwenye brauza, basi. Ukiwa na Mac ikikwambia poti 5000 imeshikwa, mara nyingi ni AirPlay (huduma ya Apple ya kurusha video na sauti), weka `flask run --port 5001`.

Kazi yenyewe iko kwenye rekebisha. Tunachukua wastani wa nyekundu, kijani na bluu kwenye picha nzima, tukidhani picha ya kawaida ukiichanganya yote inaangukia kijivu, kwa hiyo taa ya njano ikishusha bluu tunaipandisha bluu na nyekundu inapungua. Ile autocontrast inatupa asilimia 1 ya mwanga na ya giza pembeni halafu inavuta kilichobaki mpaka mwisho. Na exif_transpose usiitoe, picha za simu zitalala ubavu.

Ila sasa hiyo dhana ya kijivu ina mahali inapogoma, piga khanga nyekundu iliyojaa fremu yote, programu itaona "mh nyekundu imezidi" na itaifubaza, mteja akipokea mzigo anakuja juu. Ndo maana nimeweka blend 0.7, yaani asilimia 30 ya picha ya mwanzo inabaki. Kwa vitambaa vya rangi moja mi nashusha mpaka 0.3, au acha ukuta mweupe uonekane nyuma ya nguo, hiyo inasaidia kuliko kuchezea namba.

Picha za iPhone za HEIC (aina ya faili ambayo Pillow peke yake haiisomi) zitagoma, ongeza pillow-heif kwa pip, halafu juu kabisa ya app.py weka `from pillow_heif import register_heif_opener` na uite register_heif_opener(), au badilisha kwenye kamera ya simu ipige JPEG. Ukitaka kuiweka hewani wengine watumie, usiwashe kwa flask run, hiyo ni ya majaribio, tumia gunicorn, seva ya kuendeshea programu za Python zikiwa hewani.