SOMO: Mnunuzi wa ubuyu akija kijijini, fanyeni hivi mpaka kijiji kipate mgao wake

Habari zenu wanakikundi, hasa nyie wa Ruaha Mbuyuni, Pawaga na Izazi. Msimu wa ubuyu umekaribia na magari ya wanunuzi yataanza kuja, kwahiyo naomba tulisome hili taratibu.

Nianze na kilichonikuta. Miaka kadhaa nyuma walikuja wageni kijijini kwetu, wakanunua viroba vya ubuyu, hapo hakuna shida, lakini walivomaliza wakaomba majani kidogo, magome kidogo, na mbegu wakazitia kwenye vibahasha vya karatasi wakaandika tarehe na mahali. Afu wakakaa na bibi mmoja nusu siku anawaelekeza gome linachemshwaje na majani anapewa mgonjwa gani. Waliacha sukari kilo 2 na soda. Hatukuandikishana kitu, na mpaka leo inaniuma.

Hatua ya 1. Tofautisheni biashara mbili. Kuuza ubuyu wa kula au wa kukamua mafuta ni mauzo ya kawaida, mnapatana bei basi. Mtu akitaka sampuli akachunguze jeni au kemikali za mmea atengeneze dawa au kipodozi, au akitaka ujuzi wa wazee, hiyo ni habari nyingine kabisa, inaingia kwenye Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kimataifa ambao Tanzania ilijiunga 2018. Msingi wake ni ridhaa kabla ya kuchukua, na makubaliano ya kugawana faida. Bei ya kiroba hailipii vibahasha.

Hatua ya 2. Mti uko kwenye ardhi ya nani? Shamba la mtu, ardhi ya kijiji au hifadhi? Jibu hilo ndo linaonesha nani akae mezani.

Hatua ya 3. Mkutano mkuu wa kijiji. Sio mwenyekiti na mtendaji wawili ofisini! Wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea wana haki ya kuingia, na wale akina mama wanaookota, wanaopasua lile ganda lenye vinywele vinavyowasha mpaka shingoni, wawepo na waongee. Muhtasari uandikwe, usainiwe. Na mgeni aoneshe kibali chake cha utafiti kutoka serikalini, ridhaa ya kijiji peke yake haimtoshi.

Hatua ya 4, hapa ndo pagumu. Mkiambiwa asilimia, ulizeni asilimia ya nini. Mimi nashauri ya mauzo, sio ya faida, kwasababu faida mtu anaweza kukuambia haikupatikana na huna pa kuhakikisha. Afrika Kusini Wasan na Wakhoi, jamii za asili za huko zenye ujuzi wa mimea, mwaka 2019 walikubaliana na wenye viwanda vya chai ya rooibos walipwe 1.5% ya bei inayolipwa shambani, hesabu inaonekana wazi. Lakini kwenye mmea wa hoodia Wasan walisaini 2003 wapate 6% ya mrabaha (malipo ya haki ya kutumia uvumbuzi), kampuni kubwa zikaja kuacha ule mradi, pesa iliyopatikana ikawa ndogo sana. Kwahiyo dai na kitu cha mwanzoni: malipo ya awali, mashine ya kukamua mafuta, mafunzo. Mwanasheria wa halmashauri ausome mkataba kabla hamjasaini.

Hatua ya 5. Akaunti ya pamoja, hesabu zinasomwa mkutanoni.

MASWALI

Mama wa Pawaga: Shikamoo. Sisi tunauza kwa kiroba cha lumbesa, kile kinachojazwa kupita kipimo, hiyo nayo ni mgao?
Marahaba mwanangu. Hapana, huo ni wizi wa kawaida tu. Uzeni kwa kilo, mzani uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Unga wa ubuyu Umoja wa Ulaya uliuruhusu kama chakula tangu 2008, kwahiyo soko lipo, msikubali kukandamizwa.

Kijana wa Makete: Huku wanakuja kuchimba chikanda, vile viazi vya okidi, waipeleke Zambia, tunaweza dai mgao?
Mdogo wangu, ndani ya Hifadhi ya Kitulo kuchimba ni marufuku. Na hata nje, ukichimba kile kiazi mmea umeondoka wote, sio kama mbuyu unaoangusha tunda mwakani unatoa tena. Na okidi zote zipo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuvusha mpaka bila kibali ni kosa. Hapo simamieni kwanza isiishe.

Dada wa Kilolo: Babu yetu mganga ameombwa na watafiti awaoneshe mizizi kesho kutwa, hajui asemeje.
Dada, aseme "nitawaonesha tukishaandikishana". Asiwafukuze. Awapokee, awapeleke kwa mtendaji, na wewe ukae pembeni yake uandike kila mmea wanaougusa, jina la kwetu, sehemu gani ya mmea, na nani kachukua. Hilo daftari libaki nyumbani kwa babu, wao wakitaka wapige picha.