Kutundika televisheni juu ya meko ya kuotea moto

Hapa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jioni za Juni na Julai watu wanaota moto kweli. Ndiyo maana baadhi ya nyumba kubwa, na hoteli za kando ya Ziwa Bunyonyi, zina meko ya kuni sebuleni, na dohani yake inapanda ndani ya ukuta hadi kutokea juu ya paa. Na ndiyo maana mimi, fundi wa madishi na televisheni, naambiwa mara kwa mara: “Fundi, tundika hapo juu ya moto, patapendeza.” Patapendeza, sikatai. Ila ukuta ule una joto, ndani una uwazi, na uko juu mno kwa shingo ya aliyekaa. Mwenye ukuta mwingine namshauri autumie huo. Akikataa, tunaanza.

Drili isitoke mkobani kwanza. Omba moto uwashwe, kuni kavu za mikaratusi, moto ule ule wanaouota usiku wa baridi; usikubali vijiti viwili vya kukuridhisha. Chukua kipimajoto cha wafuga kuku, kile cha kwenye chumba cha vifaranga, ukibandike ukutani pale ambapo ukingo wa chini wa televisheni utafika. Subiri saa mbili. Televisheni nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kwenye joto lisilozidi nyuzi 40, na zenyewe zinatoa joto lao zikiwaka. Kikisoma 30 au chini kidogo ya 35, endelea. Kikipita hapo, ukuta unahitaji rafu juu ya mdomo wa meko, ya zege au jiwe, itokeze sentimita 20 hivi ili hewa ya moto isukumwe mbele badala ya kulamba ukuta. Ikishajengwa na kukauka, pima upya. Ikigoma hata hapo, mwambie mwenye nyumba hapana na umwonyeshe kipimajoto. Mzee mwenye pesa habishani na namba kama anavyobishana na fundi.

Wakati mnasubiri, tazama plasta iliyo juu ya mdomo wa meko. Ukiona weusi, moshi unarudi chumbani. Dohani izibuliwe kwanza, la sivyo masizi yataingia kwenye matundu ya kupumulia ya televisheni.

Sasa urefu. Macho ya mtu aliyekaa kwenye kochi yako kama sentimita 105 kutoka sakafuni. Chukua rafu ya meko iliyo sentimita 130 kutoka sakafuni, acha nafasi ya 15, weka televisheni ya inchi 43 ambayo kimo chake ni karibu 56: katikati ya skrini inakuwa 173. Kwa hiyo nunua braketi, kile chuma cha kushikia televisheni ukutani, inayoinama mbele nyuzi 10 hadi 15, na kochi lisogezwe mita tatu au zaidi. Ile braketi bapa ya bei nafuu iache dukani. Ukiwa huko dukani, jua pia umbali wa matundu manne ya mgongoni mwa televisheni. 200 kwa 200, kwa milimita, ni wa kawaida, lakini pima, usikisie.

Kutoboa ndiko kunakoharibu kazi. Njia ya moshi kwa kawaida inapita katikati ya kifua cha ukuta, yaani ile sehemu ya ukuta yenye dohani juu ya meko, na matofali yanayoizunguka yanaweza kuwa ya unene wa sentimita 11 tu. Toka nje uone dohani inatokea wapi kwenye paa, kisha rudi ndani ugonge ukuta kwa kishikio cha bisibisi ukisikiliza sauti inapobadilika. Chora pande mbili za njia hiyo kwa penseli. Katikati ya mistari hiyo hutoboi.

Tatizo ni kwamba braketi nyingi ni nyembamba, skrubu zake zinaangukia hapo hapo katikati. Mimi huenda kwa mchomeleaji anikatie bamba la chuma refu kuliko njia ya moshi, anitobolee matundu mwishoni mwa kila upande, penye ukuta mzito. Bamba linashikwa na ukuta, braketi inafungwa kwenye bamba kwa bolti na nati. Likipakwa rangi ya ukuta, halionekani nyuma ya skrini.

Matofali yetu ya kuchoma ni laini, hivyo zima nyundo ya drili na utoboe kwa mzunguko tu, ndani ya tofali lenyewe, si kwenye kiungo cha udongo au saruji. Funga utepe kwenye biti ya drili, kile chuma kinachotoboa, kwenye sentimita 6 ili usipitilize. Vumbi jekundu likiendelea kutoka, uko salama. Likigeuka jeusi, au drili ikazama ghafla, acha, ziba tundu kwa saruji inayostahimili moto, uhamie pembeni. Bolti za kupanuka hupasua tofali laini. Fisha za nailoni za milimita 10, vile vibomba vinavyoingizwa tunduni kushika skrubu, zinashika vizuri zaidi, na kama kipimajoto kilikubali, joto halitazilainisha. Kabla ya kutundika, ning'inia kwenye bamba kwa mikono miwili. Likitikisika hata kidogo, rudia.

Waya usipite kamwe ndani ya dohani, hata kama mtu anasema haitumiki siku hizi. Soketi iwe pembeni ya kifua cha ukuta, waya wa umeme na wa HDMI zishuke huko kwenye paipu. Dekoda iwekwe kwenye kabati la pembeni. Ongeza kilinda umeme, maana umeme ukikatika hurudi kwa kishindo, na mvua yenye radi ikija chomoa plagi na waya wa dishi pia.

Televisheni inyanyuliwe na watu wawili, moto ukiwa umezimwa tangu jana yake. Na gharama ya bamba la chuma itajwe kabla hujakwenda kwa mchomeleaji, kwa sababu hakuna mteja aliyeiweka kwenye hesabu yake.